SOFA LA RANGI ILIYOPOA: ACHA PICHA, ANGALIA UDONGO WA KWENU



Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuingie sebuleni. Msimu wa korosho ukiisha na malipo yakishaingia, vijana wengi wa Tunduru, kuanzia mjini mpaka Mbesa na Nalasi, hukaa chini wakapiga hesabu. Bati kwanza, pikipiki, au fanicha? Kwa yule aliyeanza maisha juzijuzi, au anayejiandaa kumleta mwenzake ndani, jibu mara nyingi ni sofa. Mgeni akija akae pazuri, na mama mkwe akipita asipate la kusema.

Zamani swali lilikuwa moja tu: sofa la watu wangapi? Siku hizi limeongezeka la pili: rangi gani? Mtu anaingia kafe, anafungua picha za sebule, anakutana na sofa jeupe, la krimu, la kijivu cha mbali, na zulia jeupe chini yake. Roho inapenda. Anaihifadhi picha, anampelekea fundi: "Nitengenezee kama hili." Baada ya miezi sita sofa lile lile lina rangi mpya kabisa, rangi ambayo hakuna aliyeichagua.

Nina jambo moja tu la kusema leo, mengine yote ni maelezo yake. Rangi iliyopoa si ile iliyopoa kwenye picha. Ni ile inayoelewana na udongo wa nje ya mlango wako, ukuta wako na taa yako. Ukikosea hapo pesa ya msimu mzima imekwenda, na msimu ujao hauna ahadi na mtu. Wakulima wa korosho wanaukumbuka msimu wa 2018/2019, serikali ilipotangaza kununua kilo moja kwa shilingi 3,300 halafu wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Kwa maisha hayo, sofa si kitu cha kubadilisha kila mwaka.

RANGI ILIYOPOA NI IPI HASA?

Mwaka 1704 mwanasayansi wa Uingereza, Isaac Newton, alitoa kitabu chake kuhusu mwanga, na humo akazipanga rangi za upinde wa mvua kwenye duara. Nyekundu, njano, kijani, bluu na wenzao wakakaa ukingoni. Nyeupe ikakaa katikati. Picha hiyo inasaidia sana kuelewa. Rangi za ukingoni kila moja ina upande wake na inavutia kwake. Nyeupe, nyeusi na kijivu hazina upande.

Watu wa fanicha wameongeza ndugu zao: krimu, rangi ya mchanga, rangi ya chai ya maziwa, kahawia, rangi ya udongo. Hizi zina upande kidogo lakini hazipigi kelele. Mtaani tunaziita rangi zilizopoa, na jina hilo linatosha.

Faida yake ni ya kiuchumi kuliko ya urembo. Ukinunua sofa jekundu, pazia lazima lilifuate, zulia lilifuate, na siku ukichoka na wekundu umechoka na sebule nzima. Ukinunua la rangi iliyopoa, unabadilisha mito na pazia tu, na sebule inaonekana mpya. Kitu cha bei kubwa kinakaa kimya, vitu vya bei ndogo ndivyo vinaongea.

Ila kuna mtego. Hakuna rangi iliyopoa kabisa. Kijivu kimoja kina ubluu ndani yake, kingine kina ukijani, kingine kina uzambarau. Krimu moja ina unjano, nyingine ina upinki. Dukani huoni, ukifika nyumbani ndiyo unashangaa. Dawa yake ni rahisi: chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke pembeni ya kitambaa, angalia. Ule upande uliojificha unajitokeza wenyewe, maana jicho limepata cha kulinganishia.

PICHA ZILE ZIMETOKA WAPI?

Sebule nyingi nyeupe tunazoziona mtandaoni zinafuata mtindo wa Ulaya ya kaskazini, nchi kama Uswidi. Wenzetu wale wana sababu zao. Mwezi Desemba, mji wa Stockholm unapata mwanga wa jua kwa saa 6 hivi tu kwa siku. Mtu anayeishi gizani namna hiyo lazima apake kila kitu rangi nyeupe ili kamwanga kale kadogo kazunguke chumba kizima. Nje kwao ni theluji na lami, madirisha yamefungwa miezi mingi, na vumbi si shida ya kila siku.

Sasa njoo Tunduru. Tuko kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Jua linatuwakia saa 11 na nusu siku ikiwa fupi, na karibu saa 13 siku ikiwa ndefu. Madirisha yako wazi kutafuta upepo. Kiangazi kikishika, kuanzia Mei mpaka mvua za mwisho wa mwaka, gari moja likipita kwenye barabara ya vumbi, vumbi linaingia bila hodi. Kuvua viatu mlangoni tunavua sana, lakini vumbi halivai viatu.

Kwa hiyo picha ile ni jibu zuri la swali la watu wengine.

Na wala tusidhani rangi tulivu ni ugeni kwetu. Ukienda pwani, nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nyeupe za chokaa, vidaka ukutani, na fanicha za mbao za kahawia iliyokolea. Nyeupe ikawekwa ukutani, mahali ambapo ikichafuka unapaka chokaa upya. Pale watu wanapokaa, wanapoegemea, wanapomwaga kahawa, pakawa mbao na mkeka, vitu vya kufuta. Wazee wale hawakusoma jarida la mapambo, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

ANZA NA UDONGO

Kabla hujachagua rangi, toka nje uokote udongo wa uani kwako. Sitanii.

Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya oksaidi za chuma, yaani ndugu wa kutu. Chembe zake ni ndogo sana na zinajipenyeza katikati ya nyuzi za kitambaa. Zikiwa kavu unazipiga brashi zinatoka. Zikikutana na jasho, maji au chai, zinashika. Na hapa wengi wanaharibu zaidi: wanachukua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, wanamwagia. Klorini haiondoi doa la kutu, inaweza kulikaza. Doa la chuma hulegea kwa asidi, kama maji ya ndimu au limau. Hata hivyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma au chini ya sofa, maana ndimu nayo inaweza kufifisha rangi ya kitambaa.

Sasa fanya jaribio hili. Omba vipande vitatu vya kitambaa kwa fundi au muuza duka: krimu, kijivu, na kahawia ya wastani. Nyunyiza udongo wa kwenu juu ya kila kimoja. Kung'uta. Simama mlangoni, umbali wa hatua nne au tano, pale mgeni atakaposimama akisema hodi. Kipi kinaonyesha uchafu zaidi? Halafu lowanisha kidogo, sugua, acha kikauke, angalia tena.

Pale penye udongo mwekundu, krimu inashindwa mapema. Kijivu chenye ubluu nacho kinashindwa, tena kinashangaza watu, kwa sababu wekundu wa vumbi na ubluu wa kitambaa vinapingana, na vumbi linaonekana maradufu. Rangi zinazosalimika ni zile za familia ya udongo wenyewe: kahawia ya wastani, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, kijivu chenye ukahawia. Kama kwenu ni mchanga mweupe, hesabu inageuka: rangi ya mchanga inasalimika na kahawia iliyokolea ndiyo inayoonyesha kila punje.

Nyeusi je? Wengi wanaikimbilia wakidhani inaficha. Inaficha chai, ni kweli. Lakini vumbi, nywele na nyuzi za pamba vinaonekana juu yake kuliko juu ya rangi yoyote. Na kunguni wakiingia kwenye mishono ya sofa jeusi, utajua baada ya kuumwa. Kwenye rangi ya kati au nyepesi, yale madoadoa yao meusi unayaona mapema.

MWANGA NA UKUTA

Rangi ya kitambaa si kitu kilichokaa tu, ni mwanga uliogonga kitambaa ukarudi machoni. Mwanga ukibadilika, rangi inabadilika. Taa nyeupe yenye ubluu, zile nyingi za dukani na za sola, inafanya kahawia ionekane imechoka na kijivu kionekane cha baridi. Taa yenye unjano inafanya krimu iwe ya kupendeza na kijivu kiwe kama tope. Kwa hiyo kipande chako kiangalie mara tatu, sebuleni kwako mwenyewe: asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Kama usiku ndiyo muda mnaokaa sebuleni, basi usiku ndiyo wenye kura kubwa.

Ukuta nao una sauti. Ukuta mweupe safi hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Kahawia iliyokolea hurudisha asilimia 10 hadi 15 hivi. Nyumba zetu nyingi zina dirisha dogo na paa lililoshuka, nje jua kali lakini ndani kuna kivuli. Ukiweka sofa la kahawia iliyoiva kwenye chumba cha namna hiyo, na ukuta ni wa tofali lisilopigwa lipu, mchana utawasha taa. Kama una pesa ya vitu viwili, paka ukuta rangi nyeupe au krimu kwanza, halafu sofa liwe la kahawia ya wastani. Krimu uliyoitamani kwenye picha umeipata, ila iko ukutani, watoto hawaikalii.

PIMA CHUMBA

Rangi inategemea pia ukubwa. Seti ya kawaida ya watu saba ni kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Chukua vipimo vya kawaida: la watatu mita 2.1 kwa 0.9, la wawili mita 1.5 kwa 0.9, na ya mmoja mmoja mita 0.9 kwa 0.9. Jumlisha, unapata karibu mita za mraba 4.9. Sebule ya mita 3 kwa 3.5 ina mita za mraba 10.5. Yaani karibu nusu ya sakafu imeliwa na makochi, hujaweka meza, hujaweka televisheni, hujaacha njia.

Sasa rangi iliyochukua nusu ya chumba ndiyo rangi ya chumba. Ndiyo maana kitambaa kinachopendeza kikiwa kidogo mkononi kinaweza kukulemea kikiwa sebule nzima. Kwenye chumba kidogo chukua la watatu na moja la mtu mmoja, pesa iliyobaki iingie kwenye ubora. Wageni wakizidi, mkeka upo na haujawahi kumfedhehesha mtu. Na pima mlango kabla ya kuagiza. Sofa lenye kina cha sentimita 90 na mlango wa sentimita 80 ni ugomvi unaojulikana.

KITAMBAA NI RANGI YA PILI

Rangi ile ile kwenye vitambaa viwili tofauti ni vitu viwili tofauti. Velveti ya poliesta inang'aa, na ukipitisha mkono inabadilika kivuli. Inavutia, lakini vumbi linakaa kwenye manyoya yake. Pamba inapumua vizuri wakati wa joto, ila inanywa kila kinachomwagika. Leksini, ile ngozi ya bandia, inafutika kwa kitambaa chenye maji, hapo inashinda wote kwenye vumbi. Lakini kwenye joto inanata mgongoni, na za bei rahisi huanza kubanduka magamba baada ya miaka michache.

Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili au tatu zinazokaribiana, mfano kahawia na krimu zilizochanganyika, kinaficha kuliko kitambaa cha rangi moja tupu. Jicho haliwezi kutenganisha doa dogo na mchanganyiko wa nyuzi. Kama unataka siri ya mjini, hiyo ndiyo siri.

Kisha kuna wale makochi wa zamani waliodharauliwa: fremu ya mbao inayoonekana, mikono ya mbao, na mito ya sponji inayotoka. Kwa mazingira ya vumbi naona bado hawana mpinzani. Gamba la mto linawekwa zipu, linavuliwa, linafuliwa Jumamosi, linarudi. Ukiwa na gamba la kufua, hata rangi nyepesi kidogo unaweza kuithubutu. Na vile vitambaa vya kufuma tulivyokuwa tunavicheka kwa bibi zetu, kazi yake ilikuwa kuzuia mafuta ya kichwa yasiingie kwenye mgongo wa kochi. Havikuwa ushamba.

CHINI YA KITAMBAA

Rangi ukikosea unaweza kuvalisha upya. Kochi la watu watatu linakula mita 10 hadi 12 za kitambaa, inauma lakini inawezekana. Fremu ikikosewa, hakuna cha kuvalisha.

Ruvuma ni nchi ya miombo, nchi ya mninga na mkongo. Ni mbao ngumu, nzito, mchwa hawazipendi. Paini ya mashambani, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi na rahisi kwa fundi, lakini lazima iwe imekauka na imetiwa dawa. Ubaya wa sofa lililovalishwa lote ni kwamba huoni ndani. Muombe fundi ukaione fremu kabla haijafunikwa, au aikupigie picha. Ukisikia mninga wa bei ya kutupa, jiulize umetoka wapi. Tuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu wana vizuizi barabarani. Dai risiti na kibali kabla ya kupakia, usije ukaliacha sofa kizuizini.

Sponji nayo ina siri. Ni povu la polyurethane, kemia iliyoanzia Ujerumani mwaka 1937 kwa mkemia Otto Bayer. Ubora wake unaangaliwa kwa uzito: kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Ya kukalia iwe kilo 28 hadi 35 hivi au zaidi. Ile ya chini ya 20 itabonyea mapema, na kitambaa kitakunjamana hata kama rangi yake ni ya kifalme. Njia ya mtaani: bonyeza kwa ngumi, achia. Isiporudi haraka, achana nayo.

UKIAGIZA KUTOKA MBALI

Wapo wanaoagiza Songea, wapo wanaoagiza mpaka Keko, Dar es Salaam, kwa kuona picha kwenye simu. Picha ya simu inadanganya rangi kuliko muuzaji. Mwambie akutumie kipande cha kitambaa kwa basi, hata cha ukubwa wa kiganja, kabla hujatoa hata senti. Fanyia majaribio yote niliyosema. Mkikubaliana, kikate kipande mara mbili, nusu kwako nusu kwake, na nambari ya kitambaa iandikwe kwenye risiti. Malipo yawe kwa awamu: kianzio, kisha fremu ikionekana, kisha sofa likikamilika. Na likisafiri kwa lori, lifungwe nailoni pande zote, maana vumbi la njiani ndilo la kwanza kulikalia.

Mwisho kabisa, usiogope kwamba sofa la kahawia ni la kizee. Weka mito minne ya kitenge juu yake uone. Kitenge kikichakaa unashona vingine kwa pesa ya siku moja, sofa liko pale pale. Mwaka 2021 kampuni ya Pantone ya Marekani, ile inayotangaza rangi ya mwaka, ilichagua kijivu na njano kwa pamoja. Mwaka uliofuata wakachagua nyingine. Wao kazi yao ni kubadilisha. Kazi yako wewe ni kukaa juu ya hilo sofa miaka kumi.

Nawasilisha. Wadau, kwenu sofa ni rangi gani na limedumu miaka mingapi? Mafundi nao tunawaomba, kama kuna mahali nimeacha kitu, tiririkeni hapo chini watu wafaidike kabla ya msimu.